Sauti Iliyouliza Njia ya kwa Bi Sauda

Hafsa ndiye aliyeanza kuitaja harufu. Ilikuwa ya nywele zinazoungua, na ilitoka kwenye mtungi wa maji ya kunywa.

"Hebu nusa, mume wangu. Au pua yangu imeharibika?"

Haruna akanusa, akasema hasikii kitu. Alisema uongo. Harufu ile alikuwa nayo kooni wiki nzima.

Haruna alikuwa fundi redio wa Kilwa Kivinje, mpole, mikono yake ikisifiwa mpaka Kilwa Masoko. Ila alikuwa na siri. Karakanani kwake alificha skana, redio ndogo ya kunasia mazungumzo ya wengine, na kila siku aliwasikiliza watu wa zimamoto wakiitana. Kibali hakuwa nacho. Alipenda tu kujua nani kaunguliwa kabla majirani hawajajua.

Ijumaa iliyopita, wanaume wakiwa msikitini, alijifungia humo akisingizia tumbo. Skana ikakoroma, ikasema: "Kituo, tumeingia Kivinje, tumepotea njia. Kwa Bi Sauda ni wapi? Ova."

Kwa Bi Sauda! Vichochoro viwili tu kutoka pale. Angetoka mlangoni akapunga mkono, ingetosha. Lakini wangemuuliza kajuaje, na watu wangejua hakwenda kuswali. Akajiambia, watampata wa kuwaonyesha. Wakauliza mara ya pili. Wakauliza mara ya tatu. Haruna akapunguza sauti.

Bi Sauda, kikongwe asiyeweza kutembea, aliungulia ndani, akazikwa alasiri ile ile. Haruna alibeba jeneza, akalia kuwashinda wafiwa.

Kesho yake aliitupa skana kwenye tope la mikoko. Haikusaidia. Adhuhuri moja sufuria ilikoroma jikoni ikiwa tupu, siku ya pili ukakoroma mto aliolalia, na siku ya tatu, wamekaa mkekani na wali umeshapakuliwa, Haruna akafungua kinywa aseme bismillahi na bismillahi haikutoka, ikatoka sauti nzito ya mwanamume asiyemjua, na pamoja na sauti ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ile ile, na Hafsa akasikia kwa masikio yake mume wake akiuliza, midomo ikiwa wazi wala haichezi, "Tumepotea njia. Kwa Bi Sauda ni wapi? Ova."

Hafsa alikimbia bila viatu kwenda kumwita Mwalimu Yassini, mtu wa dua na makombe ya kuwanywesha wagonjwa.

Mwalimu akamfunika Haruna shuka jeupe, akafukiza ubani, akasoma. Shuka likaanza kupata joto.

"Nani wewe?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi ni wa motoni," jini likajibu kwa kinywa cha Haruna. "Nilikuwa nakula. Nikamkuta huyu anasikiliza. Alisikiliza vizuri, hakunisumbua. Nikaona huyu ni rafiki, nimfuate kwake."

"Toka."

"Mwenye nyumba kanificha mwenyewe. Anitoe mwenyewe."

Mwalimu akaacha kusoma. Akafunua shuka. "Haruna, hili halikutumwa na mtu. Linakaa juu ya jambo ulilolificha. Hilo jambo ukilisema mbele ya mwenyewe, halitakuwa na pa kukalia. Mwenyewe ni nani?"

Haruna akatazama chini. "Dadi," alinong'ona. "Mtoto wa Bi Sauda."

Dadi aliitwa. Alikuja na kanzu ya matanga, akakaa karibu na mlango. Haruna alianza mara mbili akakwama. Uso ulimwaka kuliko homa, na alitamani ardhi immeze. Kisha akayasema yote: skana, tumbo la uongo, vichochoro viwili, na kile kidole chake kilichopunguza sauti. Kila neno lilitoka na moshi wake. Neno la mwisho likatoka kavu. Dirisha likajipiga ukutani, ubani ukazimika chetezoni, na ile harufu ikaondoka.

"Limetoka," alisema Mwalimu Yassini.

Dadi hakuangalia dirisha. "Wakati huo walipokuwa wakiuliza," alisema polepole, "mama alikuwa bado ananiita kwa jina."

"Nisamehe, Dadi. Nakuomba."

"Sijui, kaka. Leo sijui." Akasimama, akatoka bila kuaga.

Mwalimu naye akakusanya vitabu vyake akaenda. Nyumba ikawa safi, imetulia. Haruna akainua macho kumtafuta mkewe. Hafsa alikuwa amesimama palepale ukutani, mikono yake ameinyoosha mbele, anavitazama viganja.

"Mimi ndiye niliyemwosha Bi Sauda, Haruna," alisema.

Hakuongeza lingine, siku ile wala zilizofuata. Akampikia, akamfulia, akampakulia, kinywa amekifunga. Na Haruna, aliyekuwa amepona, akajikuta kila adhuhuri anatega sikio kwenye mtungi, akitamani lile jini lirudi, japo limsemeshe.