Shimo Katika Shamba la Kelestini

Bibiana alikuwa anapepeta mchele nje ya nyumba yao, kijijini Lumemo. Mumewe, Kelestini, alimwagilia miche thelathini ya michikichi iliyokuwa kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea. Walitaka mawese yao wenyewe. Mahali pa kupanda Kelestini alishapachagua: mbugani, kule bondeni kwenye udongo mweusi. Mpunga ulistawi pale, mchikichi ushindwe kwa nini?

Kelestini alikuwa mtu wa kushuku, jamani! Ukimpa chumvi, anaionja mbele yako.

Asubuhi hiyo alishuka mbugani, akamkuta mwanamke anachimba shimo. Ni Verediana, bibi shamba mpya. Bibiana ndiye aliyemwita.

"Shikamoo, baba."

"Nani kakuruhusu kuchimba?" Kelestini hakuitikia hata salamu. "Leo shimo, kesho bikoni ya mpaka, keshokutwa naambiwa shamba si langu!"

Shamba lilikuwa hilohilo moja, na watoto watano walikula humo. Aliogopa kweli. Akaanza kulifukia lile shimo kwa miguu.

Verediana akamkabidhi jembe. "Basi chimba wewe, baba. Sina kamba ya kupimia wala karatasi. Nataka tuone udongo wa chini, maana mizizi inaishi huko."

Kelestini akachimba huku akimtazama kwa pembe ya jicho. Juu udongo ulikuwa mweusi. Alipofika kina cha goti, ukawa wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu. Maji yakaanza kuchuruzika.

"Madoa haya yanaonyesha maji yanatuama hapa muda mrefu," Verediana alisema. "Mpunga unavumilia. Mchikichi unapenda unyevu, lakini mizizi yake ikizama wiki nyingi inakosa hewa, inaoza."

Wakaenda kwenye mwinuko nyuma ya nyumba. Kelestini akachimba mpaka kifuani. Udongo ulikuwa laini, hauna mwamba wala maji.

"Hapa panafaa. Kiangazi, weka nyasi kavu kwenye mashina na umwagilie."

"Ahaa! Kumbe unataka niiache mbuga, muichukue!"

"Nani kasema uiache?" Bibiana alifoka kutoka uani. "Kule lima mpunga, huku panda michikichi. Mwisho utanishuku na mimi!"

Kelestini alipanda miche ishirini na sita mwinukoni. Minne akaipeleka mbugani kimyakimya.

Masika yalipokuja, maji yalifunika mbuga. Yalipokauka, ile minne ilikuwa imeoza. Ya mwinukoni ilikuwa kijani, inapendeza.

Mwaka wa nne, 1998, walikata mikungu ya kwanza. Bibiana akapika kambale kwa mawese, akamwita Verediana.

Kelestini hakugusa chakula. "Mwanangu, miche minne niliipanda mbugani kwa siri. Nilitaka istawi, nikuite mwongo mbele ya kijiji kizima. Nisamehe."

"Na ungeipanda yote kule, baba, leo tungekula nini?" Verediana aliuliza.

Kelestini aliona aibu. Akamsogezea bakuli. "Kula, mama. Kesho twende Namawala kwa mdogo wangu Nazari. Naye ana miche. Lakini nakuonya, ni mbishi kuliko mimi."

"Kuliko wewe?" Bibiana aliuliza. "Mtu huyo hajazaliwa."