Kona ya Kushoto

"Mgonjwa amebadilishiwa dawa," simu ilisema, ikakatika.

Nge, mpelelezi wa usalama wa taifa, aliacha chai juu ya boneti ya Land Cruiser, akakimbia. Maneno yale yalikuwa na maana moja: majasusi wa ng'ambo wameichezea programu ya ndege mpya ya kivita. Na ndege yenyewe ilikuwa imeruka dakika tisa zilizopita.

Aliufungua mlango wa chumba cha redio kwa teke.

Ndani walikuwa wawili. Mhandisi mkuu, aliyeibuni programu. Na shemeji yake, kaka wa mkewe, mpiga hesabu za programu hiyo, aliyekalia kiti cha redio. Rubani aliyekuwa angani alikuwa binti wa mhandisi.

"Mshusheni," Nge alisema.

"Kwa lipi?" mhandisi aliuliza. "Ndege ikilala upande, programu inavuta usukani wa mkia kwa kiasi kilekile, isiteleze. Tumeijaribu mara mia nne."

"Kona zote?"

"Za kulia. Kushoto ni ileile, tunageuza alama tu, jumlisha inakuwa toa. Miaka yote tunafanya hivyo."

Mazoea yana taabu. Na mazoea ya chumba hiki hakuna mtu wa nje aliyeyajua.

Redio ikakoroma. "Kasi mia tisa. Najiandaa kukata kushoto."

Shemeji alinyoosha mkono. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, hakibonyezi.

Nge alichomoa bastola ya Glock, akaigusisha nyuma ya sikio la shemeji. "Toka kwenye kiti."

Mhandisi alidaka maikrofoni. "Mwanangu, usikate kushoto."

"Baba, ratiba inasema..."

"Achana na ratiba. Mkia utavuta kinyume, ndege itajipindua. Rudi kwa kulia, mama. Polepole."

Redio ilikoroma tu, muda wa kumzeesha mzazi akiwa amesimama.

"Nageuka kulia, baba. Narudi."

Mhandisi alishika meza kwa mikono miwili, akalia bila kujificha.

"Wale wa ng'ambo waliniambia ataruka rubani mwingine," shemeji alisema, macho chini. "Asubuhi marubani wakabadilishana zamu. Ningesema nini mimi?"

Nge alimfunga pingu.

"Na huyo mwingine," aliuliza, "hana mjomba?"

Aliwaachia walinzi wa uwanja mtu wao, akashuka ngazi, mikono mfukoni. Uwanjani magurudumu yaligusa lami. Hakungoja kushukuriwa.