Jina Alilopewa Kiumbe wa Kioo

Kiumbe huyo hakuwapo jana.

Mama Hadubini, kama wenzake wa maabara walivyozoea kumwita, alifikicha jicho, akachungulia tena. Palepale alipokuwa ameandika kwamba hakuna kitu, sasa palikuwa na radiolaria mmoja. Kazi yake kwa miaka kumi na sita ilikuwa kuwatambua hao vijidudu wa bahari, waliokufa kabla binadamu hajaumbwa wakaacha mifupa ya kioo, midogo kama vumbi. Aliwagawa kwa maumbo, akiwahesabia miiba na matundu. Huyu alikuwa na umbo la kengele, miiba saba, na hakuwamo katika kitabu chochote.

Bahati kama hiyo wengi huisikia tu. Anayegundua ndiye anayetoa jina, naye hakufikiri mara mbili: aliandika jina la bintiye wa miaka sita.

Jioni hiyo bibi yake mtoto alimsimulia kwamba mjukuu ameshinda akiitika bila kuitwa, kila mara akisogea ukutani kusikiliza. Wakacheka, watoto wana mambo yao. Siku ya tatu hawakucheka. Bahari ilikuwa mwendo wa siku nzima kutoka kwao, lakini mtoto alinuka tope lake hata akiogeshwa, na mgongoni alikuwa ametoka vitundu vilivyopangika safu kwa safu. Mama alivihesabu kwa mazoea tu ya kazi, kisha akavihesabu tena. Mpangilio ule aliujua kutoka kwenye hadubini.

Asubuhi alikimbilia maabara, akaweka kipande cha kioo chenye kiumbe yule chini ya hadubini, akakuta kengele ile, ambayo ilipaswa kuwa tupu tangu dunia ikiwa changa, imejaa kitu laini kilichopumua polepole, kikajigeuza ndani ya kizimba chake, kikafumbua jicho la kahawia, jicho analolibusu kila anapomlaza mwanawe, likamtazama, na vidole visivyoonekana vikaanza kugonga kioo kutoka upande wa chini.

Bibi ndiye aliyemleta mganga, mwanamke mmoja mpole asiye na maneno mengi. Alimtazama mtoto mgongoni, akataka kujua kila kitu, kisha akashusha pumzi.

"Huyo jini alikaa bila jina miaka yote hiyo, mwanangu. Umempa la mtu. Sasa anataka na mwili wake."

"Nikilifuta?" mama alinong'ona.

"Halifutiki. Mwachie. Mtoto mpeni jingine, na lile la kwanza lisitamkwe tena nyumbani humu."

Wakafanya hivyo. Mganga alisoma maneno yake mpaka adhuhuri, na kabla jua halijazama vitundu vilikuwa vimefunga na harufu imekwisha. Mtoto akazoea jina jipya, akarudi kwenye michezo yake.

Miezi minne ikapita. Mchana mmoja mama alikuwa getini, bibi ameenda sokoni, mtoto akakimbilia mpira barabarani huku lori likirudi nyuma. Hofu haichagui maneno. Alipiga kelele jina lile la kwanza.

Mtoto hakugeuka, ila dereva alisikia ukelele, akafunga breki. Mama akamkumbatia bintiye.

Ndani ya nyumba iliyokuwa tupu, sauti nyembamba ikaitika, "Abee, mama," na miguu midogo, iliyolowa maji, ikaanza kuja mlangoni.