Sauti Iliyokataa Kufutika

Swabra wa Mtongwe aliianza siku ile kama siku zote. Alivuka feri, akafika Chaani kwenye chumba alichokodi cha kazi, akafungua dirisha, akabandika chai. Meza ya pili ilikuwa tupu. Jefwa, mwenzake wa kuandika programu, alikuwa amezikwa kwao kabla ya mvua. Pikipiki ilimgonga huko Mtopanga akitoka dukani.

Wawili hao walikuwa wameitengenezea kliniki moja ya Likoni programu ya kuita wagonjwa. Zamu ya mgonjwa ikifika, spika humwita kwa jina. Sauti ilikuwa ya Jefwa. Alikaa na maikrofoni akarekodi majina ya watu wa pwani, kila jina na faili lake: Najib, Mwanarehema, Ruwa. La mkewe, Kafedha, alilirekodi kwa madaha, huku akicheka. La Swabra halikurekodiwa. Swabra alikataa, akasema jina la mtu haliachwi kwenye chombo likaitwa ovyo. Jefwa akamtania kwamba mchawi wake atapata tabu kumtafuta.

Adhuhuri, Nyale akabisha hodi. Alikuwa dada mkubwa wa Jefwa. Alikataa chai, akakataa na kiti. Alieleza kwamba wifi yake Kafedha alikwenda kliniki na homa, akaitwa, akaitika. Homa ilimwisha. Lakini tangu hapo hali wala halali, na kila siku huenda kukaa kwenye benchi la kliniki, haumwi kitu, anangoja kuitwa tena. Na huitwa.

"Kwetu mwito wa marehemu hauitikiwi," Nyale alisema. "Huyu ameitika. Na kila akiitika anarudi nyumbani amepungua. Mtoe ndugu yangu kwenye kile chombo, Swabra, kabla hajamchukua mkewe."

"Leo hii, dada. Wallahi."

Swabra alitumia amri ambayo Jefwa alikuwa ameiandika ya kufuta mafaili ya zamani. Aliijaribu kwenye kompyuta yake mwenyewe, iliyotumia mfumo wa Linux. Sauti zote zikaondoka bila neno. Akaituma kliniki, kwenye mashine ya Windows. Jibu likarudi: Imefanikiwa. Akampigia Nyale, akamwambia yamekwisha.

Kesho yake simu ililia. Nyale alikuwa ananong'ona.

"Amemwita tena."

Swabra akaifungua ile kazi ya Jefwa, akaisoma mstari kwa mstari. Kosa alilikuta mwishoni, na lilikuwa kosa la uvivu. Mifumo miwili ya kompyuta haifuti kwa namna moja. Linux hufuta faili hata kama kuna programu iliyolishika: huondoa jina, na aliyeshika huendelea nalo mpaka atakapoliachia mwenyewe. Windows hukataa. Husema faili linatumika. Maktaba ya lugha ya programu waliyoandikia hutenganisha majibu hayo, "halipo" mbali na "linatumika", ili mwandishi ajue la kufanya. Jefwa hakuyatenganisha. Kila kosa alilihesabu kuwa faili halipo, na programu ikajibu imefanikiwa.

Naye Swabra, baada ya kuapa, alikuwa ameliamini jibu hilo.

Alifika Likoni baada ya Alasiri. Kafedha alikuwa kwenye benchi, mashavu yameingia ndani, macho juu ya spika. Nyale alikaa kando yake, amemshika kiganja. Carolyne wa mapokezi alisema jina lile yeye halibonyezi, na spika aliizima tangu asubuhi.

Swabra alifunga ile programu ya kuita, akafuta upya. Safari hii mafaili yakaondoka. Najib, Mwanarehema, Ruwa. Likabaki moja.

Kafedha. Linatumika.

Akaangalia ni programu gani iliyolishika. Hakuna. Akazifunga zote hata hivyo. Akachomoa waya wa spika.

Linatumika.

Nyale alikuja akasimama nyuma yake. Swabra akamweleza kwa sauti ya chini kwamba kuna njia nyingine, mfumo usiouliza nani ameshika. Utaondoa jina tu. Aliyelishika ataliachia akitaka.

"Na asipotaka?"

Swabra alichomeka flashi yake, akaiwasha kompyuta upya kwa Linux iliyokuwa ndani yake, akalitafuta faili, akafuta. Likaondoka bila neno. Folda ikawa tupu.

Feni ya chumba ikazunguka.

Kisha spika ikaita.

"Kafedha."

Kwa madaha. Huku ikicheka. Waya wake ulikuwa mkononi mwa Swabra.

Kafedha akainuka. Akafungua kinywa. Nyale akamrukia, akamziba kwa kiganja, wakaanguka wote wawili sakafuni. Nyale hakuachia. Damu ikamchirizika vidoleni, alipong'atwa. Hakuachia.

Mwito haukurudiwa.

Baada ya muda Kafedha akalegea. Akatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa mahali asipopajua. Akalia. Halafu akasema ana njaa.

Jioni ile Nyale alimpigia Swabra kumwambia wifi yake amekula sima kwa mchicha, amelala. Akamwombea Swabra Mungu ampe maisha marefu. Swabra naye akalala.

Asubuhi alivuka feri, akafika Chaani, akafungua dirisha, akabandika chai. Akachomeka ile flashi kwenye kompyuta yake ili aisafishe. Ndani yake mlikuwa na faili moja la sauti.

Swabra.

Akalifuta. Mashine ile haikatai. Tangu ainunue haikuwahi kukataa.

Linatumika.

Alikaa. Sufuria ilianza kuchemka. Akajiambia kwamba likiita hataitika. Msichana wa Mtongwe hufunzwa kuitika kabla hajafikiri, kwa hiyo akauma kanga, akabana meno, mkono mmoja juu ya mdomo. Kwa mwingine akalifungua.

"Swabra," sauti ya Jefwa ikaita.

Hakuitika. Akangoja faili liishe.

Halikuisha. Kukawa na kimya, na ndani ya kimya hicho mvumo wa sufuria inayochemka. Kisha sauti ya mwanamke, ya karibu, ya adabu, sauti yake mwenyewe.

"Abee."

Kanga ilikuwa bado kinywani mwake.