Waliosema Sindano Imemla Kokwijuka

Tufe liliangukia karibu mno, hata Mwalimu Leonidas hakujisumbua kuvuta kamba ya kupimia. Alilitazama, akamtazama Kokwijuka, akalitazama tena.

"Mama Placidia, unaumwa?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi una mimba."

"Sina. Nachomwa sindano ya uzazi."

Heri angenyamaza. Uwanja wa shule ulikuwa na watu, na kijijini kwetu Kaisho neno halilali njaa. Jua halijazama, tayari watu walikuwa wanasema sindano imemla Kokwijuka nguvu zote, kabaki mwili mtupu. Na aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote, kule kilabuni kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi, alikuwa Elpidius, mume wake wa ndoa. Mimi ni jirani yao, ua wangu na wao unatenganishwa na migomba tu, na hadithi hii nikiisimulia mpaka leo damu inanichemka.

Ilikuwa mwaka tisini na mbili. Wilaya ilikuwa inatafuta wanawake wawili wa kutupa tufe kwenye mashindano ya mkoa, Bukoba. Kokwijuka hakutaka kitu kingine duniani. Darasa la saba alichaguliwa, baba yake akasema msichana hapandi gari kwenda kutupa mawe, akabaki. Sasa alikuwa mke wa mtu, na umri unakwenda. Asipokwenda mwaka ule, ndiyo basi tena.

Tena msidhani Elpidius alikuwa hajui anaoa nani. Walionana chama cha msingi, msimu wa kahawa. Vibarua walikuwa wanategeana gunia moja zito, kila mtu anamsukumia mwenzake. Kokwijuka akalikumbatia, akalipandisha kwenye mizani, akafuta mikono. Elpidius akawaambia wenzake pale pale, huyo ndiye nitakayemwoa. Akamwoa. Na alimpenda, nisimnyime haki yake. Alikuwa akimwangalia anavyofanya mazoezi, anacheka peke yake kwa furaha.

Baada ya kumpata Placidia walikubaliana wao wawili. Mtoto akue kidogo, Kokwijuka aende Bukoba, wa pili atafuata. Elpidius alimsindikiza zahanati kwa miguu yake, akampakata Placidia kwenye benchi wakati mama yake anachomwa. Wanaume wachache sana walikuwa wanafanya hivyo enzi zile, na sisi wanawake tulimsifu.

Sindano ina mambo yake, siwezi kuitetea kwa uongo. Hedhi ya Kokwijuka ilipoteza njia, ikawa ya kudonadona mpaka anachukia kufua. Mwili uliongezeka. Kuna siku aliamka mzito, hataki kuongea na mtu. Lakini alikwenda mazoezini hivyo hivyo. Alijitwika gunia la kahawa mabegani, akachuchumaa na kuinuka, akachuchumaa na kuinuka, mpaka kuku wakamzoea. Aliegemeza mikono kwenye mtumbwi wa kukanyagia ndizi, akajishusha na kujiinua. Na tufe lilikwenda. Lilikwenda mbali kuliko alivyolitupa kabla ya sindano, Mwalimu Leonidas mwenyewe ni shahidi.

Kilichoharibika ni midomo ya wanaume. Kule kilabuni walianza kumtania Elpidius. Mara mkeo ana kifua kuliko wewe, mara nani anamlaza mwenzake. Baadaye wakaacha utani wakasema kweli yao, kwamba mtu mwenye binti mmoja na mke anayechomwa sindano hana kizazi, shamba lake litarithiwa na wakwe. Mtu mzima mwenye akili angenyanyuka akaenda kwake. Elpidius alikaa akasikiliza.

Ndipo upendo wa mramba ulipoanza. Mramba, ile juisi ya ndizi ambayo haijachacha, tamu. Kila siku ya mazoezi Elpidius anamletea mkewe kibuyu, kunywa upate nguvu. Kokwijuka anakunywa, anamshukuru, nasi tunamwonea wivu. Kabla hajafika uwanjani tumbo linamkata. Anaharisha mpaka anaishiwa maji, kisha anakwenda kutupa tufe. Mnategemea litafika wapi?

Akimlalamikia mumewe, anajibiwa ni sindano inakula matumbo, aache. Na Elpidius akaipeleka hiyo kilabuni, kilabu ikaipeleka nyumba kwa nyumba. Wanawake wa Kaisho wakaogopa. Kama sindano inamwangusha Kokwijuka, sisi wenye mikono ya kupalilia maharage itatufanya nini? Siku ya kliniki benchi likawa tupu. Nyiransabimana, mama Mnyarwanda wa kule bondeni, mwenye watoto sita, naye akaacha. Huyo wa sita alimlaza hospitali mpaka padri akaitwa. Daktari alimwonya asizae tena. Akaacha sindano kwa maneno ya kilabuni.

Kokwijuka, amekonda mashavu, akaenda kwa nesi Deodatha wa zahanati, mimi nikamsindikiza. Nesi alimpokea vizuri, akamweleza bila kumficha kwamba hedhi kuvurugika ni sindano, mwili kuongezeka huenda ni sindano, hata uchovu kwa wengine, na akitaka njia nyingine ipo.

"Lakini kuharisha, hapana," nesi akamwambia. "Huwa unaharisha lini?"

"Siku za mazoezi."

"Kabla ya mazoezi unakula nini ambacho siku nyingine huli?"

Kokwijuka akaaga. Tulirudi naye njia nzima, ananiuliza habari za ng'ombe wangu, habari za mvua, chochote kile. Nilielewa. Hakutaka kulisema jina la mtu anayelala naye kitanda kimoja.

Siku ya mchujo wa wilaya tulikwenda mjini Kayanga nyuma ya Landrova, tumejazana na ndizi za watu. Uwanja umefurika. Elpidius naye alikuja, na baba yake mdogo, mzee Protase, mtu aliyeheshimika. Kabla Kokwijuka hajaitwa, mumewe akapenya katikati ya watu na kibuyu mkononi.

"Kunywa, mke wangu. Upate nguvu."

Kokwijuka akakiangalia kile kibuyu.

"Onja kwanza."

Kwetu anayemkaribisha mtu kinywaji huonja yeye kwanza, mgeni aone kuwa ni salama. Lakini hayo ni ya wageni. Mke hamwambii mumewe maneno hayo. Ukimwambia, umeshamwita mchawi mbele za watu. Waliokuwa karibu wakageuka.

Elpidius akacheka. "Tangu lini mimi na wewe tunaonjeana?"

"Tangu leo."

"Unaniaibisha, Mama Placidia."

"Kuonja tu, waitu," akamwambia kwa adabu. "Funda moja."

Mzee Protase akasogea. "Elpidius. Mtu akitaka aonjewe, hajibiwi kwa maneno. Onja tuendelee."

Akakipandisha kibuyu mdomoni, akakiinamisha. Tulimtazama kooni. Koo halikusogea.

"Meza," Kokwijuka akasema.

Akakishusha kibuyu. Mramba ukamchuruzika kidevuni, akaufuta haraka kwa mkono kama mtu aliyeungua.

"Ni dawa tu," akasema, sauti imekwenda chini. "Kuna mganga amenipa. Ya kukutoa ile sindano mwilini. Haina madhara."

"Basi meza."

"Nilitaka mtoto, Kokwijuka."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Tulikubaliana mimi na wewe, mtoto umempakata mwenyewe. Kwa sababu ningekataa, ukaninywesha. Nikiharisha kichakani kama mgonjwa wa kipindupindu, wewe uko kilabuni unasema sindano imenila. Nimekuwa nikikwambia asante, Elpidius. Kila kibuyu nilikwambia asante."

Mzee Protase akakichukua kile kibuyu, akakimwaga kwenye nyasi mbele ya watu wote, wala hakumwangalia mtoto wa kaka yake. Jina la Kokwijuka likaitwa.

Sitaki kuwadanganya kwamba alitupa kama malaika. Alikuwa amedhoofika, mwili ulioharishwa miezi mizima haurudi kwa siku moja. Alishika nafasi ya pili, kwa kumzidi wa tatu kiganja cha mkono. Lakini wawili ndio waliotakiwa. Jioni ile hakurudi Kaisho. Alimchukua Placidia, akaenda kwa baba yake, kijiji cha Kituntu.

Elpidius alimfuata, kama desturi inavyotaka, na mtungi wa lubisi na baba yake mdogo, kuomba mke. Wazee wakakaa. Mzee Athanasi, baba yake Kokwijuka, yule yule aliyemzuia zamani, akasema kosa ni kubwa, atoe mbuzi. Kokwijuka akasema hataki mbuzi. Wazee wakashtuka, maana mwanamke haulizwi hapo.

"Baba, shikamoo yako iko palepale, lakini aliyeharishwa ni mimi. Huyu nataka aende zahanati siku ya kliniki, awaambie wanawake alichofanya."

"Mbele ya wanawake?" Elpidius akauliza.

"Kilabuni ulisema mbele ya wanaume. Umebakiza upande wa pili."

Bukoba Kokwijuka alikwenda. Alishika nafasi ya nne, akarudi bila medali. Watu wakaanza tena, unaona, sindano. Nikawauliza, ninyi mngeharishwa miezi mizima mngeinua hata jembe? Wakatawanyika. Wajinga wakikosa jibu hutawanyika, hawaombi radhi.

Miezi ikapita, siku ya kliniki aliyokubali Elpidius ikafika. Sisi wanawake tulioirudia sindano baada ya mambo ya Kayanga tulikuwa kwenye benchi na watoto wetu. Kokwijuka alikuja kuongea na nesi juu ya vidonge, kwa kuwa hedhi ya kudonadona ilikuwa imemchosha, na huo ulikuwa uamuzi wake mwenyewe. Elpidius akasimama barazani, kofia mkononi. Alisema yote, kwa shida, ila alisema. Kwamba sindano haikumla mkewe nguvu. Kwamba ni dawa aliyotia yeye kwenye mramba. Kwamba alidanganya kilabuni.

Alipomaliza, Nyiransabimana akainuka. Alishika ukuta kwanza, tumbo lilishakuwa kubwa.

"Baba Placidia, mimi sindano niliiacha kwa maneno yako. Hili ni la saba. Uliyonayo wewe ni aibu, itakwisha. Hili langu utanizalia wewe?"

Elpidius akamgeukia mkewe, kama mtu anayetaka kusaidiwa kutua mzigo. Kokwijuka hakumsaidia.

"Aliyekuuliza yuko kule," akamwambia.

"Nimjibu nini? Mimba siwezi kumwondolea."

"Maji unaweza kumchotea. Migomba yake unaweza kuipalilia. Mpaka ajifungue asibebe hata kuni. Wewe mikono unayo, na uliniletea vibuyu bila kuchoka."

Basi Elpidius akawa mchota maji wa Nyiransabimana. Kilabu ilicheka mpaka ikakauka. Mwanaume wa watu na ndoo kichwani, anapanda kutoka bondeni, anapita mbele ya wale wale waliomwambia hana kizazi. Hawakumsaidia hata kuishusha, marafiki wale. Mvua zilikuja zikaisha, yeye anapalilia, na Kituntu hakukanyaga, maana aliambiwa asikanyage kwanza.

Mimi ningemwacha, nasema wazi. Anayekutilia dawa kwenye kinywaji leo kwa kutaka mtoto, kesho atakutilia kwa kutaka nini? Nilimwambia Kokwijuka hivyo. Akanijibu kwamba hajasamehe bado, anaangalia.

Nyiransabimana alijifungua hospitali, nesi Deodatha alihakikisha anapelekwa mapema. Alitoka damu nyingi, tukakesha roho mkononi, lakini alipona. Mtoto naye mzima.

Kesho yake Elpidius alikwenda Kituntu kwa miguu. Hakuwa na mtungi, hakuwa na mzee. Kokwijuka alikuwa uani na gunia mabegani, anachuchumaa na kuinuka. Hakulitua.

"Nyiransabimana hajambo?"

"Hajambo."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona. Amekunywa uji, nimeupika mimi. Nilionja kwanza."

Kokwijuka akainuka na gunia lake, akasimama wima, akalitua.

"Ingia ule," akasema. "Ya kurudi Kaisho tutayaongea ukishashiba."