Uso wa Poda

Kila asubuhi kabla ya shule, Kasuku alimpaka binamu yake mafuta ya kukinga jua nyuma ya shingo. Binamu alikuwa na ualbino, na jua halikuwa na huruma naye. Akishapakwa, alivaa kofia yake pana, wakaondoka wakichekeshana njia nzima. Walilelewa nyumba moja na kusoma darasa moja. Kasuku alibandikwa jina hilo kwa kuwa aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote, hata mwalimu mkuu akipiga chafya.

Wiki hiyo shule ilikuwa haikaliki. Watengeneza filamu walikuja kurekodi hadithi ya msichana mwenye ualbino anayetengwa na wenzake, na walitafuta mwigizaji. Kasuku na binamu yake walijitokeza wote wawili.

Mwongozaji wa filamu, bwana mnene mwenye kicheko cha karibu, alimwita Kasuku pembeni.

"Hebu niambie, binti. Huyu ndugu yako ataweza kukariri maneno yote haya?"

Kasuku alilijua jibu. Binamu yake akisomewa jambo mara mbili tu, limeshamkaa kichwani. Lakini tamaa ilimshika.

"Haoni vizuri," alisema akiangalia chini. "Kusoma kunamshinda."

Basi, nafasi ikawa yake. Binamu alipopata habari alijifungia chooni. Alipotoka macho yalikuwa yamevimba, lakini alijikaza. "Hongera," alisema. "Njoo nikuonyeshe ninavyoshika kitabu, usije ukanichekesha kwenye filamu." Akamfundisha kukisogeza karibu na pua na kuinamisha kichwa upande. Kasuku aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini akaiga kila kitu.

Siku ya kurekodi, mpambaji alimpaka Kasuku poda nyeupe usoni na mikononi, akambadilisha nywele rangi. Jua likawaka. Jasho likaanza kuchora michirizi mashavuni.

"Jamani, Kasuku anayeyuka!" mtoto mmoja alipiga kelele, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Maneno yote yakamtoka Kasuku kichwani. Akasimama kama gogo mbele ya kamera.

Ndipo sauti ikasikika kutoka kibarazani, chini ya kofia pana. "Sikuombi unipende. Ninaomba usiinuke ninapokaa."

Vicheko vilikatika. Mwongozaji aligeuka.

"Kumbe unayajua?"

"Yote. Mama alinisomea jikoni."

"Mbona ndugu yako alituambia kusoma kunakushinda?"

Binamu alimgeukia Kasuku. "Ulisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikakufundisha," alisema taratibu. Machozi yalimlengalenga.

Mwongozaji alivua miwani yake. "Kosa ni letu pia," alimwambia. "Tulimuuliza mwingine habari zako, na wewe mwenyewe ulikuwa umekaa hapohapo. Tusamehe, mwanangu. Bado unaitaka kazi hii?"

"Naitaka," alijibu.

Kasuku alinawishwa poda. Wakahamia darasani kwenye kivuli, binamu akaigiza mpaka walimu wakafuta machozi. Kasuku alipewa sehemu ndogo, ya mwanafunzi anayeinuka na kuhama dawati. Walirudia mara kadhaa. Kila alipomwacha binamu yake peke yake pale, moyo ulimuuma kweli, kwa maana hakuwa anaigiza tena.

Jioni alimfuata binamu chumbani. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimekusikia," binamu alijibu akiwa amegeukia ukutani. "Lakini bado inauma."

Kasuku alitoka akilia, akamkuta shangazi yake, mama wa binamu, akiosha vyombo. Shangazi alimpa kitambaa akaushe sahani.

"Mwanangu," shangazi alisema, "watu wamemsemea mtoto wangu tangu azaliwe. Wageni amewazoea. Wewe ulikuwa mtu wake, ndiyo maana amelia hivi. Ukitaka nafasi, igombee kwa haki. Na mwenye mdomo wake mwache ajisemee."

"Atanisamehe, shangazi?"

"Sijui, mama. Nafasi yake amerudishiwa leo hii. Imani yake kwako itachelewa kurudi, na wewe ndiye wa kuisubiri."