Kiuno Kilekile

Jirani wa mlango wa pili anaapa kwamba alimsikia Chiriku akitapika bafuni siku tatu mfululizo, kila baada ya chakula, bomba likiwa wazi. "Na msichana akitapika," akasema kwenye foleni ya maji, "mnajua wenyewe."

Ndugu zangu, maneno hayahitaji miguu. Yalimfikia mama mtu kabla ndoo haijajaa.

Nyumba ile ilikuwa ya amani. Mama alikuwa fundi cherehani. Bintiye alikuwa akishona vifungo na kupiga soga na wateja hadi wakamwita Chiriku. Sasa mama akaingiwa na hofu ya mimba. Lakini hakuuliza. Fundi hupima. Kila Ijumaa alimsimamisha binti mbele ya kioo, akamzungushia futi kiunoni.

"Kiuno kilekile! Waache waseme, watachoka."

"Mama, unanipima nini kila wiki?"

"Nakushonea gauni."

"Gauni gani lisiloisha?"

"Simama wima, mdomo huo!"

Maskini, Chiriku aliona amenenepa ndiyo maana anapimwa. Akazidi kujinyima mchana, kisha anajificha na kula kwa pupa, halafu anajitapisha. Mashavu yakavimba. Mama akashangilia: "Wanasema anatapika; mgonjwa gani ananawiri hivi?"

Mwezi wa saba wa kupimwa huko, binti akaanguka chini, kopo la vifungo mkononi.

Hospitalini daktari alimwomba mama asubiri nje. Akapima damu, akazungumza na Chiriku kitambo kirefu. Na Chiriku aliporidhia, mama akaitwa.

"Hana mimba, mama. Chumvi za mwili zimeshuka. Moyo ungeweza kusimama."

"Lakini hajakonda, daktari! Nampima kwa mkono wangu."

"Magonjwa ya ulaji si mamoja. Yupo anayejinyima hadi akakonda. Yupo anayekula kupita kiasi, akashindwa kujizuia, lakini hatapiki. Na yupo kama huyu, anayekula hivyo kisha akajitapisha. Huyo mwili waweza kubaki vilevile. Mashavu hayo si unono, ni tezi zimevimba. Sisi huuliza: ni mara ngapi, tangu lini, na anajionaje. Mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu inatosha kuuita ugonjwa. Yeye ni karibu kila siku. Na ulipokuwa ukimpima, alidhani ni kwa sababu amenenepa, akazidi."

Mama akashika kichwa. "Kumbe moto naupepea mwenyewe!"

FUNZO

Wazazi wenzangu, ugonjwa wa ulaji hautambuliwi kwa jicho wala kwa uvumi wa foleni. Mwanao akikimbilia bafuni kila baada ya kula, au akijificha na chakula, usimkemee, usimsifie umbo, usimpime. Muulize kwa upole, umpeleke kwa mtaalamu mapema. Ugonjwa huu unatibika.

Mama yule alichelewa, ila si mno, namshukuru Mungu. Jioni ile alikaa ukingoni mwa kitanda wodini, akasema, "Mwanangu, sikukuuliza hata siku moja. Niambie sasa, tafadhali. Nitanyamaza nisikie."

Chiriku aliutazama ukuta. Mama hakuondoka.